Ugumba wa wanaume: chanzo kitafutwe hata Kisumu

Madaktari wengi wa uzazi wana hoja isiyo rahisi kuipuuza dhidi ya kutafuta chanzo cha ugumba wa wanaume. Tangu mwaka 1992, wataalamu wa Brussels walipotangaza mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ya kiume ndani ya yai, kujua kwa nini mbegu za mwanaume ni dhaifu si jambo la lazima tena. Ziwe chache, ziwe hazina mwendo, ziwe zimegandamana kwa sababu mwili wenyewe unazishambulia, sindano inayavuka yote hayo. Wapanga bajeti nao wana lao: ukanda wa ziwa una malaria, Ukimwi na selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), na akina mama bado wanafariki wakijifungua. Shilingi ya utafiti ianzie huko.

Hoja ya sindano ni sahihi kwa anayeweza kuilipia. Katika hospitali za binafsi nchini, awamu moja ya matibabu hayo ni mamia ya maelfu ya shilingi, na hakuna anayekuahidi mtoto mwishoni. Mchomeleaji wa vyuma wa Kibuye au mkulima wa miwa wa Muhoroni hatafika huko hata akiuza ng'ombe wote. Kwake yeye, kujulikana kwa chanzo ndiyo njia pekee ya tiba iliyo karibu na mfuko wake. Maambukizi ya klamidia yakigunduliwa kabla hayajaziba mirija, dawa zake ni za bei nafuu. Mishipa ya korodani iliyovimba, ambayo hupatikana kwa takriban asilimia 15 ya wanaume wote lakini kwa karibu asilimia 40 ya wale wenye tatizo la uzazi, hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Na kijana anayedungwa testosteroni ili apate misuli au "nguvu" huenda anahitaji kuambiwa tu aache, kwa kuwa sindano hizo huzima utengenezaji wa mbegu.

Kuna takwimu moja ambayo imesemwa mpaka haishtui mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la kupata mtoto maishani mwake, na kwa wanandoa, mwanaume huchangia katika karibu nusu ya visa. Nusu! Ifuate nusu hiyo hadi kliniki uone inakoishia. Anayeingia ni mke. Anapewa vidonge vya kuchochea mayai, mwezi baada ya mwezi. Anapigwa eksirei ya mirija, ile ya kuingizwa dawa kwenye kizazi, ambayo walioipitia wanajua inavyouma. Anaulizwa kama aliwahi kutoa mimba. Nyumbani mama mkwe ameshaanza kutaja jina la msichana mwingine. Wakati huu wote mume hajatoa hata kijichupa kimoja cha shahawa, kipimo kisicho na maumivu na cha bei ya chini kuliko hiyo eksirei. Hakuna sababu ya kitabibu ya mpangilio huo. Mke ndiye aliyekuja, basi mke ndiye anayepimwa.

Utaambiwa wanaume hawaji. Wana sababu, na ni haki kuitaja. Wazee wa ukanda huu walijua kwamba mwanaume anaweza kukosa mbegu. Ndiyo maana katika jamii kadhaa shemeji au binamu aliingizwa nyumbani kwa siri, na mtoto akawa wa mwenye boma. Siri ile ililinda heshima ya mume na ndoa ya mke. Karatasi ya maabara inaivunja, na anayesema kwamba majibu yanaweza kubomoa nyumba hajakosea.

Lakini Kisumu ni mji wa ajabu kuulaumu kwa uoga wa wanaume. Utafiti wa tohara na maambukizi ya virusi vya Ukimwi, uliotoa matokeo yake mwaka 2007, uliwapata vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waliokubali kura iamue nani atahiriwe mara moja na nani asubiri miaka miwili, katika jamii ambayo tohara haikuwa desturi yake. Walipimwa, wakaulizwa maswali ya chumbani, wakarudi tena na tena. Walikuja kwa sababu walielezwa, na walipewa mahali pa faragha. Linganisha na mwanaume anayetoka Bondo kwa matatu, anayeambiwa ajifungie kwenye choo cha wagonjwa, au aje na kichupa kutoka nyumbani, ilhali shahawa zinatakiwa kuanza kupimwa ndani ya saa moja zikiwa bado na joto la mwili. Huyo asipokuja, maabara ndiyo iliyomkimbiza.

Upande wa kinga ya mwili ndipo wapinzani wa utafiti huu wana nguvu zaidi. Kinga hujifunza mapema maishani kutambua vilivyo vya mwili, lakini mbegu huanza kutengenezwa baleghe, kwa hiyo kwake ni wageni. Korodani zina kizuizi cha chembe kinachozificha. Kizuizi kikivunjwa na jeraha, korodani kujisokota, upasuaji au maambukizi, kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutumia kushambulia wageni, huweza kutengenezwa na kuzing'ang'ania mbegu. Watafiti Rümke na Wilson, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha mwaka 1954 kwamba wanaume wagumba walikuwa na kingamwili hizo. Ziweke mbegu za namna hiyo kwenye ute wa mlango wa kizazi, utaona kwa hadubini zinatetemeka palepale, mikia inapiga, hakuna inayosogea.

Kingamwili hizo hupatikana kwa asilimia 5 hadi 15 ya wanaume wenye tatizo la uzazi, kutegemea kipimo. Tiba ndiyo iliyokwama. Prednisoloni, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, ilijaribiwa kwa miaka mingi, matokeo yakapingana, na baadhi ya waliotumia wakaharibika mfupa wa nyonga. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2020 unasema kipimo cha kingamwili hizo kisiwemo katika uchunguzi wa kwanza. Nakubaliana nao. Kumpima kila mwanaume wa Kakamega kingamwili kungekuwa kumla pesa bure. Ila tiba kukwama ni sababu ya kuendelea kutafuta, hasa pale ambapo sindano ya Brussels haifikiki.

Tena chanzo cha huku kinaweza kuwa na uzito tofauti na wa kule vitabu vilikoandikwa. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyebaleghe huweza kuvimbisha korodani na kuziharibu, na chanjo ya serikali iliyoingizwa mwaka 2016 ni ya surua na rubela pekee. Selimundu, iliyoenea magharibi mwa Kenya, hudhoofisha mbegu za wengi walio nayo. Kaunti ya Nakuru ina maelfu ya wafanyakazi wa maua pale Naivasha wanaoshika viuatilifu kila siku. Sisemi kemikali hizo zinawafanya wagumba. Nasema waulizwe na wapimwe, kwa sababu madhara ya kiuatilifu cha DBCP yalijulikana mwaka 1977 baada ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha California kugundua kwa mazungumzo yao wenyewe kwamba hawapati watoto, wakadai vipimo.

Utafiti wa kuanzia hauhitaji mashine mpya. Mume na mke wapimwe siku moja. Mume aulizwe kuhusu matubwitubwi, kisonono, majeraha, upasuaji wa ngiri, kazi yake, selimundu na sindano alizodungwa. Arudie kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa. Kingamwili zipimwe kwa wale tu ambao mbegu zao zinagandamana au waliowahi kuumia. Mshauri awepo majibu yanaposomwa, kwa ajili ya ile nyumba inayoweza kubomoka. Maswali hayo yanaenea kwenye karatasi moja, na hospitali za rufaa za Kisumu, Kakamega na Nakuru zinaweza kuanza kuijaza kabla ya ruzuku yoyote kufika kutoka nje.