Niambie Kilikushika Wapi

Vitabu vya mitumba haviji kwa mpangilio. Ukipita Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, pale vinapotandazwa juu ya turubai kando ya njia, utakuta juzuu ya nne ya msururu wenye juzuu saba, nakala mbili za juzuu ya tano, na ya kwanza haipo. Muuzaji hana la kufanya, vimetoka kwenye belo hivyohivyo. Ndivyo nilivyoipata The Tombs of Atuan ya Ursula K. Le Guin: jalada limemeguka pembe moja, na ukurasa wa mbele kuna jina la mtoto limeandikwa kwa penseli. Sikujua kwamba ni kitabu cha pili cha msururu wa Earthsea.

Ndani yake kuna msichana aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo sana, akavuliwa jina lake na kufanywa kuhani wa makaburi ya kale. Chini ya makaburi hayo kuna njia zinazopindapinda gizani, na pale chini ya makaburi yenyewe kuwasha taa ni mwiko. Njia anazijua kwa kupapasa kuta na kuhesabu michepuko. Kitabu kimekaribia nusu ndipo siku moja anashuka na kukuta mwanga. Mwanamume mgeni amesimama pale, na fimbo yake inatoa nuru.

Aliyeanza na A Wizard of Earthsea, cha mwaka 1968, anamfahamu tayari huyo mgeni: jina lake, makovu ya usoni, na kosa alilolifanya ujanani. Mimi sikujua lolote. Nilimwona kwa macho ya yule msichana, yaani mwizi aliyeingia kunajisi patakatifu, na nikachukua muda uleule anaouchukua yeye kukubali kwamba ni mtu mwema. Baadaye cha kwanza nilikipata, nikakisoma na kukipenda. Lakini hata siku moja sijatamani kwamba ningeanza nacho.

Kwa hiyo wasomaji tunapokutana na mtu akasema msururu fulani ni lazima uanze na juzuu ya kwanza, mimi huwa mbishi. Ipo misururu ambayo kweli haiingiliki katikati. The Wheel of Time ya Robert Jordan ni mojawapo: juzuu 14, zaidi ya maneno milioni 4, ilianza kutoka mwaka 1990, mwandishi akafariki mwaka 2007 kabla hajaimaliza, na Brandon Sanderson akaikamilisha kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu, hadi juzuu ya mwisho ikatoka mwaka 2013. Huko ukikosa mwanzo umepotea. Nimeisoma yote, naipenda, na ndiyo hasa iliyonifundisha kwamba kukipenda kitabu na kujua nani wa kumpa ni mambo mawili.

Kijana wa jirani yangu, wakati huo yuko kidato cha tatu, alikuja jioni moja akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Eti una vitabu vya majoka na wachawi?"

Moyo ulinijaa. Nikashusha The Eye of the World, juzuu ya kwanza ya huo msururu, kitabu kinene kama tofali, nikampa na kumwambia akimaliza kuna vingine 13. Baada ya miezi minne alikirudisha kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Tiketi ya mwendokasi aliyokuwa ameiweka kama alama ilikuwa ukurasa wa 61.

Yule si mtoto mvivu. Anaamka saa kumi na moja, shule ni mbali, akirudi kuna masomo ya ziada, na jioni kuna maji ya kuteka. Sikumwuliza lolote kati ya hayo. Sikumwuliza hata amewahi kusoma nini akakimaliza. Nilimpa kitabu ninachokipenda mimi, basi, na yeye akakaa miezi minne akidhani tatizo ni lake.

Safari ya pili nilimpa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Kinaingia kwenye mkoba wa shule bila kuondoa daftari lolote. Nilimwambia jambo moja tu: "Humu kuna mtu mwenye huruma, lakini usiku anawachapa manyani wawili aliowafuga. Soma ujue kwa nini." Siku ya tatu alikuwa mlangoni, na safari hii hakusubiri kukaribishwa. Alikuwa amekwishafika kwenye majini na mabadiliko ya maumbo, na alitaka kubishana nami kama ile adhabu ilikuwa ya haki. Tulibishana mpaka mama yake akaita kutoka upande wa pili wa ukuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini ninachokiamini sasa: pendekezo la kitabu ni sentensi moja inayosema kilikushika wapi, ikaelekezwa kwa mtu unayemjua. Orodha ya majina kumi bora haimsaidii mtu. Ukiniambia "soma hiki, ni kizuri sana," umenipa sifa, na sifa hazisomeki. Ukiniambia "mimi nilikwama kwenye njia za gizani pamoja na yule msichana," nitakitafuta kesho.

Na kwa sababu nimemtaja Shaaban Robert, niseme lililo moyoni. Sisi tunaopenda riwaya za fantasia tumemwacha kwenye rafu ya mitihani. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinasimulia habari za nchi inayoelea angani. Mshitakiwa Karama yuko mahakamani, na utetezi wake ni hadithi za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na elimu ambayo wakubwa wa nchi hawakuitaka. Shuleni tulikisoma kama fumbo la utawala, na fumbo kweli limo. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hashikwi na fumbo. Anashikwa na nchi isiyogusa ardhi na watu wanaosafiri kutoka huko. Mwanzie hapo, fumbo atalifikia mwenyewe.

Kwa anayetaka mambo ya mizimu bila kurasa elfu moja, nina jibu la haraka: riwaya za mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alianza naye katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akaendelea na Kisima cha Giningi mwaka 1968 na vingine baada ya hapo. Unaweza kuanza na chochote utakachokipata, kama ilivyo kwa riwaya 41 za Discworld za Terry Pratchett, ambazo nyingi zake zinasimama zenyewe. Ila mwambie unayempa kwamba mzimu wa kwenye jalada si jibu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anafikia ukweli kwa akili. Msomaji anayetaka uchawi uwe uchawi kweli atahisi amenyimwa, na hana kosa. Huyo mpe Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, lakini asubiri siku ambayo hajachoka. Ni kifupi na kigumu.

Lipo pia tatizo la maneno, nalo ni letu peke yetu. Vitabu vingi vya aina hii tunavisoma kwa Kiingereza na kuvisimulia kwa Kiswahili. Nilipokuwa namweleza shangazi yangu habari za Ged, yule mgeni mwenye fimbo wa visiwa vya Earthsea, nilisema ni mchawi, akanyanyua mkono nisiendelee. Na alikuwa na haki. Mchawi kwetu ni mtu anayedhuru, hakuna mchawi mwema wa kusifiwa. Mganga nalo halikukaa, maana mganga ana wagonjwa na ana ada. Mwishowe nikasema ni mtu mwenye elimu ya majina: katika visiwa hivyo kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua anakiamuru kitu hicho, ndiyo maana mtu humficha kila mtu jina lake isipokuwa anayemwamini kwa maisha yake. Shangazi akaniambia, "Hapo nimeelewa. Hata sisi jina halitolewi ovyo." Akaniomba nimsimulie mpaka mwisho, na tulimaliza kwa siku mbili, yeye akichambua mchele. Kuna watu unaowapendekezea kitabu kwa kuwasimulia tu, na huko nako ni kusoma.

Sasa lile ambalo sipendi kulisema, lakini ndilo linalonifanya niandike.

N. K. Jemisin alishinda tuzo ya Hugo, ile ya vitabu vya fantasia na hadithi za kisayansi, ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, kwa vitabu vitatu vya msururu mmoja, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Cha kwanza ni The Fifth Season. Ardhi yenyewe humo ni adui, inatetemeka na kupasuka, na wapo watu wenye uwezo wa kuituliza ambao jamii inawatumia na kuwachukia kwa pamoja. Sehemu yake imeandikwa kwa kumwambia msomaji "wewe": wewe unatembea, wewe umekaa sakafuni. Nilikimaliza nikiwa na furaha ya mtu aliyepata kitu kipya kabisa, na kesho yake nikampelekea rafiki yangu wa miaka mingi.

Kitabu hicho kinaanza na mama aliyerudi nyumbani akakuta mtoto wake mdogo amekufa. Rafiki yangu alikuwa amezika mtoto miezi minane nyuma.

Nilikuwa nalijua hilo kuliko ninavyolijua jina la mwandishi. Nilikaa naye matanga. Lakini nilikuwa nimeshikwa na yale matetemeko, na ule mwanzo ulikuwa umenipita kama mlango tu wa kuingilia. Alikirudisha wiki iliyofuata, kimefungwa vizuri kwenye karatasi ya kaki, mkononi mwa mdogo wake. Nilikwenda kumwomba radhi siku hiyohiyo. Hakukasirika. Aliniambia, "Ungeniambia tu, dada. Ningechagua siku yangu."

Hakusema nisingempa. Alisema ningemwambia. Wapo wanaosema kutaja kilichomo ni kuharibu utamu, na kwa mwisho wa hadithi ninakubaliana nao. Kwa mwanzo, hapana. Mwenye jeraha ana haki ya kujua kisu kiko ukurasa gani, naye ataamua mwenyewe. Rafiki yangu alikiomba tena baada ya mwaka na zaidi, akakisoma, akamaliza vyote vitatu. Anaona mambo humo ambayo mimi siyaoni, na sasa yeye ndiye anayejua nani apewe.

La msururu usiokwisha nitalipita haraka. Wengi hawataki kumgusa George R. R. Martin kwa sababu kitabu cha tano cha msururu wake, A Song of Ice and Fire, kilitoka mwaka 2011 na cha sita hakijaonekana. Nawaelewa, lakini A Storm of Swords, cha tatu, cha mwaka 2000, kipo, kimekamilika, na kinatosha kukukosesha usingizi wiki nzima. Unayempa mwambie mapema kwamba njia inaishia porini. Akikubali kwenda, atakuwa amekwenda kwa hiari yake.

Yule kijana wa jirani sasa yuko kidato cha tano. Mwezi uliopita nilimpa ile Tombs of Atuan yangu yenye jalada lililomeguka, na nilimwambia tu kuhusu kuta zinazopapaswa gizani. Sikumwambia ni cha pili. Alikimaliza siku ya Ijumaa, akaja na swali moja: yule mwenye fimbo alikuwa nani kabla ya kushuka mle chini?

Nakala yangu ya cha kwanza nilimwazima mtu wa Tanga na haijarudi. Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda wote wawili Samora, tukainama turubai kwa turubai, yeye akisoma migongo ya upande huu na mimi ya upande ule. Cha kwanza hakikuwapo. Alichokipata, chini kabisa ya rundo la vitabu vya mapishi, ni The Farthest Shore, cha tatu. Akakifungua, akasoma ukurasa wa kwanza amechuchumaa palepale, kisha akaniangalia.

"Mama mdogo, huyu ameshazeeka."

"Bado," nikamwambia, nikamlipa muuzaji.