Nani ameshika ufunguo wa karakana?

Jumanne jioni nikitoka zamu ya kuwahudumia wazee siendi nyumbani moja kwa moja. Napitia chuoni. Ni chuo kidogo, wanachuo hawafiki 200, kipo pembezoni mwa mji mdogo wa Småland, kusini mwa Sweden, mahali ambapo mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Nilimaliza masomo pale mwaka 2017 na sina tena jina kwenye orodha yao. Lakini mlango wa ukumbi naufungua mwenyewe. Kwaya yetu imepewa kadi moja ya kufungulia, na mwaka huu wanakwaya wamenikabidhi mimi.

Ndugu zangu wa Tanzania wakiniuliza huku kuna kitu gani cha kuiga, hutegemea nitaje barabara, hospitali au mishahara. Siku hizi nawatajia hiyo kadi.

Wakati sisi tunaimba ukumbini, chumba cha useremala kimejaa wastaafu. Wamo waliokuwa mafundi viwandani na wamo ambao hawakuwahi kushika randa mpaka walipofika miaka 65. Upande wa jikoni kuna chama cha akina mama wa Kisomali wanaopika kwa ajili ya mkutano wao wa mwezi. Kwenye darasa la ghorofani kuna kikundi cha kujisomea, watu saba au wanane, wanachambua historia ya kijiji chao kwa kusoma vitabu vya zamani vya kanisa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesajiliwa chuoni. Vyama vyao vimesaini makubaliano na chuo, vingine vinalipa kiasi kidogo, vingine vinalipa kwa kazi, mradi usiku mtu wa mwisho azime taa na kufunga.

Mwanzoni nilidhani ni ukarimu tu. Kisha mji ukataka kufuta basi la jioni linalopita chuoni. Waliokwenda kusimama kwenye kikao cha madiwani kulitetea hawakuwa walimu wala sisi wanachuo. Walikwenda wale wazee wa useremala, na walikwenda na hesabu zao: abiria wangapi, siku gani, saa ngapi. Basi lipo mpaka leo. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi chuo kidogo kinavyopata watetezi.

Vyuo hivi, ambavyo wenyewe huviita folkhögskola, yaani vyuo vya wananchi, vina sababu ya kuwa hivyo. Cha kwanza kabisa kilianzia Denmark mwaka 1844, na Sweden ilipata vitatu vya kwanza mwaka 1868. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1862, sheria ya serikali za mitaa ilikuwa imewapa wakulima sauti katika kuendesha maeneo yao, na vijana wa wakulima walihitaji mahali pa kujifunza kuendesha mkutano, kusoma hesabu za umma na kusimama mbele ya watu wakasema jambo. Vijana wa kiume walisoma majira ya baridi, shamba likiwa limelala chini ya theluji, na wasichana wakasoma kiangazi. Kwa hiyo ratiba ilifuata jembe. Leo vyuo hivyo vimezidi 150, na vingi vinamilikiwa na vyama: vyama vya wafanyakazi, makanisa, harakati za kupinga ulevi, jumuiya za watu wenye ulemavu. Vilivyobaki viko chini ya mikoa. Masomo hayalipiwi ada, unalipia chakula na chumba kama unakaa bweni. Hata neno mwanafunzi hawalipendi sana, wanasema mshiriki.

Siku moja darasani mwalimu alituomba kila mtu aeleze shule aliyotoka. Nikaeleza kwamba mimi nilisomea ushonaji kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mwalimu akaweka chaki chini. Akaniambia kuwa chuo changu na hiki nilichokaa ni ndugu wa damu. Mwalimu Nyerere aliviona vyuo vya huku, akavipenda, na mwaka 1975 Tanzania ikaanza kufungua vya kwake kwa msaada wa Sweden. Leo ni zaidi ya 50, kila Mtanzania wa wilayani anavijua kwa jina la FDC. Nilikuwa nimesoma ndani yake, nimepewa cheti, na habari hiyo sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote getini wala darasani.

Ndiyo maana inaniuma. Kama mbegu ni moja, mbona huku mti una watu chini yake mpaka saa tatu usiku, na kule kwetu saa kumi jioni panakuwa kimya?

Haikuwa hivyo zamani. Baba yangu mdogo alikwenda chuo hicho hicho mwishoni mwa miaka ya sabini kusomea uashi. Hakujaza fomu. Alichaguliwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wakanyoosha mikono, na alipoondoka kila mtu alijua anakwenda kuchukua nini na atakirudisha wapi. Aliporudi kijiji kilikuwa kinamsubiri na matofali. Nyumba za walimu wa shule ya msingi zilizopo mpaka sasa, msingi aliupiga yeye. Mimi nilipokwenda mwaka 2006 nilijaza fomu, mama akauza mpunga, tukalipa ada, nikasoma, nikamaliza. Hakuna kiongozi wa kijiji aliyejua kuwa nimekwenda, wala hakuna aliyeuliza nimerudi na nini.

Na chuo chenyewe kilikuwa na uzio, geti, mlinzi na kitabu cha wageni. Unaandika jina, unakotoka, unayemtaka na sababu. Fundi aliyekuwa ng'ambo ya barabara, anayetengeneza vitanda kwa msumeno wa mkono, hakuwa na sababu ya kuandika. Ndani ya uzio kulikuwa na mashine ya kuranda iliyofanya kazi saa tatu kwa siku. Kulikuwa na vyerehani 20 ambavyo jioni tulivifunika kwa vitambaa kama watoto, na nje akina mama walikuwa wanapanda daladala kwenda mjini kushonesha sare za shule.

Kwa miaka mingi nililaumu roho mbaya, na katika hilo nilikosea. Mkufunzi wetu wa ushonaji alikuwa mtu mwema kuliko wengi. Lakini kila cherehani alikuwa amekisainia yeye. Kikipotea, kikivunjika, anaulizwa yeye, na jibu linaweza kutoka kwenye mshahara wake. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje aache mlango wazi jioni? Ufunguo ulikaa kiunoni mwake kwa sababu hasara ilikaa shingoni mwake. Kinachofanyika huku Sweden ni kwamba dhamana hiyo haibebwi na mtu mmoja. Chama kinasaini, chama kinawajibika, na kila mwanachama anajua kuwa randa ikivunjika kwa uzembe chama kizima kitapoteza Jumanne yake.

Sasa niambieni, hilo ni jambo geni kwetu? Nenda kijiji chochote chenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ulitazame lile sanduku la fedha. Lina kufuli tatu, na funguo zake zimeshikwa na watu watatu tofauti wanaokaa nyumba tatu tofauti. Akina mama wasio na cheti hata kimoja wamelinda mamilioni kwa miaka kwa utaratibu huo, bila mlinzi na bila kitabu cha wageni. Tumekwisha kulimaliza tatizo la ufunguo kwenye fedha, ambazo ni nyepesi kuibiwa kuliko mashine ya kuranda. Kwenye karakana ya umma tumeliacha kama lilivyo.

Sisemi kwamba huku ni peponi. Kuna mambo ambayo chuo changu cha nyumbani kilifanya bila kuandika makubaliano yoyote, na huku sijayaona. Msiba ukitokea mtaani viti vya bwalo vilitoka usiku huo huo, na wanachuo ndio waliovibeba kichwani. Wanachuo wenye watoto wadogo waliwaleta kwenye kituo cha kulelea watoto ndani ya chuo, na watoto wa jirani walichanganywa humo humo. Huku ukitaka ukumbi nje ya siku yako unaandika barua pepe wiki tatu kabla. Mapumziko ya kahawa wanayaita fika, na neno hilo lilinichekesha moyoni kwa furaha siku ya kwanza nilipoliona ubaoni, nikadhani kuna mtu anatualika. Lakini kahawa ikiisha kila mtu anavaa koti lake. Niliimba sauti ya pili bega kwa bega na mama mmoja mwaka mzima kabla sijajua kuwa amefiwa na mume wake mwaka huo huo. Kwetu hilo lisingepita siku saba.

Tena hata huku mambo yanapungua. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kukata ruzuku ya vyama vya elimu ya watu wazima, vile vinavyoendesha vikundi vya kujisomea. Wenzangu wengi wana wasiwasi, na mimi ninao.

Hata hivyo niliona kitu mwaka 2015 ambacho hakijanitoka. Mwaka huo Sweden ilipokea watu takriban 163,000 walioomba hifadhi. Sehemu yao walifikishwa kwenye mji wetu mdogo, na serikali ikatoa fedha ili vyuo vya wananchi na vyama vya elimu viwafundishe Kiswidi tangu siku za mwanzo, bila kusubiri vibali vyao vitoke. Chuo chetu hakikuwa na walimu wa kutosha. Kikaita watu wake. Wale wazee wa useremala wakaja, kwaya ikaja, na sisi washiriki wa kozi ya jumla tukaombwa kila mmoja akae na mtu mmoja saa nzima, mara mbili kwa wiki. Nami ambaye Kiswidi changu kilikuwa bado kinachechemea niliwekwa na mama kutoka Syria. Tulitaja majina ya vitu vilivyokuwa mezani mpaka vikaisha, tukahamia dirishani. Siku za tabu chuo hakikuhangaika kutafuta washirika, kwa sababu walikuwa tayari wanajua swichi ya taa iko wapi.

Kwa upande wa nyumbani, mwaka 2016 nchi nzima ilipoingia kwenye kampeni ya madawati, nilipiga simu nikiwa na shauku nijue karakana yetu imepata oda ya madawati mangapi. Haikupata hata moja. Madawati ya shule zilizo jirani na chuo yalitengenezwa mjini na kuletwa kwa lori, yakapita mbele ya geti. Aliyetoa oda hakukumbuka kuwa pale ndani kuna mafundi, na chuo hakikwenda kubisha hodi. Mpaka leo nikilikumbuka lori lile nakosa raha.

Yapo mazuri mapya, na nayasema kwa moyo mweupe. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vyuo hivi vimewapokea wasichana walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wakasoma na watoto wao wakiwa karibu. Hiyo ni kazi ya heshima kubwa, na inaonyesha kuwa uwezo wa kufungua mlango upo pale unapoamuliwa. Ningependa uamuzi huo huo uende kwa jirani wa kawaida. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinapata mkopo wa kununua mashine ya kuchomelea ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuishika, ilhali kilomita mbili kutoka pale kuna karakana yenye mkufunzi. Kwa nini wasianzie hapo, hata kabla ya kukopa?

Na kozi fupi zipangwe kwa kufuata shamba, kama walivyofanya hawa wa huku mwaka 1868. Bonde la Kilombero mwezi Januari kila mwenye mikono yuko kwenye mpunga. Agosti na Septemba mavuno yameshaingia ghalani, watu wana nafasi na wana senti mfukoni. Wakati huo ndio chuo kingetangaza wiki sita za ushonaji, uashi, ufundi wa pikipiki kwa vijana wa bodaboda. Tangazo lisiishie kwenye ubao wa ofisi, lisomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Mwezi Julai nakwenda nyumbani kwa wiki tano. Kuna kikundi cha VICOBA ng'ambo ya barabara inayopita chuoni, wanachama 28, shangazi yangu ni mmoja wa walioshika funguo. Nimeongea nao kwa simu tangu mwaka jana, mara nyingine mpaka salio likakatika. Wanataka vyerehani sita, Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, na wako tayari kulipia matengenezo kutoka kwenye mfuko wao wa jamii. Barua wameiandika wenyewe, mtendaji wa kijiji ameigonga muhuri, na wamekubaliana kwamba mlango wa darasa la ushonaji utiwe kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkufunzi na mwingine kwa kikundi. Barua imefika ofisini wiki ya pili ya Machi. Wanasubiri jibu.