Rangi ya Samli, Ukuta wa Ufizi

Nimeamka, nikautazama ukuta, ukuta nao ukanitazama. Ni rangi ya ufizi. Ufizi wa mtu mwenye afya njema kabisa, anayepiga mswaki mara mbili kwa siku. Fundi kamaliza jana jioni, leo alfajiri jirani kapita dirishani na mswaki wake mdomoni, kachungulia, kasema: "Hongera baba, saluni mnafungua lini?"

Na mimi sikutaka makuu. Nilitaka rangi iliyotulia. Isiwe nyeupe, maana kwa wanangu ukuta mweupe ni daftari. Isiwe ya kijivu, sebule ikafanana na ofisi ya kata. Iwe na joto kidogo, mgeni akikaa ajue hapa anaishi mtu na heshima zake. Mama watoto akasema samli. Mama mkwe, kwa simu, akasema maji ya kunde. Mwenye nyumba, niliyempigia kuomba ruhusa tu, akasema chokaa, na akanikumbusha kodi.

Jumamosi nikachomekea shati, nikapanda daladala, nikashukia Gerezani, mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Nikaingia dukani kwa sauti ya mtu mwenye hela:

"Naomba rangi ya samli, ndoo ya lita 20."

"Shikamoo mzee. Samli ipi?"

Jamani, samli ipi! Samli si samli?

Kijana akanifungulia kitabu cha vibao vya rangi, kila kibao ukubwa wa stempu. Nikavaa miwani: vyote sawa. Nikavua miwani: vyote sawa zaidi.

"Hii ina wekundu kwa chini, mzee. Hii ina unjano kwa chini. Hii ina ukijani kwa mbali."

Nikakigeuza kitabu nitazame kwa chini. Kijana akaangalia pembeni kwa adabu. Nyuma yangu fundi bomba mmoja kabeba mabomba begani, kila akipumua yananigusa kisogo. Mama mmoja kwenye foleni akaona nateseka. "Baba, chukua hiyo kama chai ya maziwa." Mwenzake akadakia: "Chai inatia giza chumbani! Achukue uji wa ulezi." Fundi bomba naye, ambaye hakuulizwa na mtu, akasema yeye kwake alipaka karanga na hajutii. Wakaanza kubishana. Mimi tumbo likanguruma, maana nilitoka nyumbani bila kunywa kitu.

"Mzee," kijana akaniokoa, "taa zako nyumbani nyeupe au za njano?"

"Zinawaka," nikamjibu.

Akanieleza taratibu, kama mtoto wa chekechea. Taa nyeupe inaipoza rangi, ya njano inaikoleza. Zulia na pazia navyo vinarusha rangi yao ukutani. Nichukue kopo dogo la lita moja, nipake kipande ukubwa wa gazeti, kikauke, nikitazame asubuhi, mchana na usiku ndipo niamue. Ushauri wa dhahabu, na wa bure. Lakini watu wananisikiliza, shati nimechomekea.

"Dogo, mimi nimeanza kupaka nyumba hujazaliwa."

Nimewahi kupaka banda la kuku. Mara moja.

Nikanyoosha kidole. Mashine ikadondosha tone la njano, tone la wekundu, jeusi kidogo, ndoo ikafungwa ikatikiswa. Ukutani kulikuwa na karatasi: IKISHACHANGANYWA HAIRUDISHWI. Nikaisoma kwa sauti, nikacheka.

Konda alinitoza nauli ya ndoo. Fundi alisema saa mbili, akaja saa saba, akaomba hela ya msasa. Hayo nayaacha.

Jana usiku tukawasha taa. Taa ya njano, ile mama watoto aliyoipenda sokoni. Makochi ya maruni. Pazia jekundu la Idi. Bwana, sebule iliwaka kama jiko la mkaa! Watoto wakapiga makofi. Mama watoto akasema "inapendeza," halafu akaenda kulala saa mbili na nusu. Mwanamke huyu halali kabla ya tamthilia kuisha.

Nimempigia fundi. "Bosi, subiri ikauke, itatulia."

"Imeshakauka!"

"Basi tupige koti ya tatu."

Koti ya tatu ya nini, ya ufizi ule ule? Nimekata simu. Nimebadilisha taa, nimeweka nyeupe ya chooni. Sasa ni ufizi wa mgonjwa.

Na jirani kabla hajaondoka dirishani kaongeza: "Baba, hiyo ndoo ikiisha usiitupe." Huyo ni wa tatu. Binti wa chips aliiwahi tangu inashuka kwenye daladala. Simpi mtu! Maji hayajatoka tangu Jumanne, ndoo ya lita 20 naitoaje? Tatizo mfuniko, fundi kaufungua kwa bisibisi ukapasuka katikati. Na maji yasiyofunikwa hapa hayakai, yule paka wa jirani, huyo huyo mwenye mswaki, ana ndoo yangu moja tayari ameifanya birika lake, na ukimfukuza anakutazama kama vile kodi analipa yeye.