Mbegu 400 na jicho la kamera

Muuza pembejeo mmoja wa Kariakoo aliposikia kwamba siku hizi mbegu za mboga hupigwa picha ili kujua ubora wake, alicheka. "Mbegu si bibi harusi, picha za nini? Iote tuione." Wengi wanaolima mchicha na nyanya Bonde la Msimbazi wangemuunga mkono, na kweli uhai hauonekani usoni. Punje iliyokaa miezi kwenye rafu, na joto na unyevu huu wa Dar es Salaam, inaweza kufa bila kubadilika rangi wala umbo. Kamera ya kawaida itaipitisha.

Lakini hebu tukiangalie hicho kipimo cha kuotesha. Kwa kanuni za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji mbegu, huoteshwa punje 400, na kwa nyanya hesabu ya mwisho ni siku ya 14. Wiki mbili, na hizo 400 ndiyo zimekwenda. Ukiambiwa uotaji ni asilimia 85, hiyo ni habari ya shehena nzima. Zile 15 katika kila 100 ni zipi? Hakuna ajuaye, mpaka mwenye trei za miche pale Bunju aone matundu yamebaki matupu. Na mbegu chotara ya nyanya ni ghali, hata hununuliwa kwa kuhesabiwa punje.

Picha humaliza kazi hapo hapo, punje kwa punje. Eksirei huonyesha kiinitete ndani ya mbegu ya nyanya: kimejaa, kimedumaa au hakipo. Vipo vifaa vinavyosoma mabaki ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, dalili kwamba mbegu haijakomaa vizuri. Mbovu inatolewa, nzima inapakiwa, na ya kupandwa bado ipo.

Wasiwasi wangu ni mmoja: programu ya kompyuta inayosoma picha hizo hujua ilichoonyeshwa tu. Nani atakaa kuipigia picha maelfu ya punje za mnafu?

Ama ile hoja ya mbegu kufia kwenye rafu, inakata kote kuwili: hata kipimo cha kuotesha hakiyaoni ya dukani. Masika iliyopita nilinunua pakiti ya nyanya iliyoandikwa asilimia 85. Nikafunga punje 10 kwenye kitambaa kibichi, zikaota 3. Siamini lebo ilidanganya. Mbegu zilioteshwa na kuhesabiwa kabla hazijafika dukani, na rafu ya duka lile inatazama magharibi, jua la saa kumi linaipiga moja kwa moja.