Kabla Kichuguu Hakijageuzwa Matofali

Mvua za masika zikishika, Kakamega na Vihiga hurudi ubishi uleule: kichuguu cha shambani kibaki au kivunjwe? Wanaotaka kivunjwe wana hoja. Shamba la nusu eka halina nafasi ya kilima kisichopandwa kitu. Mchwa hukata mahindi na kula nguzo za nyumba, na udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri. Anayedaiwa karo halaumiwi akianza na hesabu hiyo.

Lakini hesabu hiyo huwasahau kumbikumbi, na huusahau uyoga wa kichuguuni: obwoba kwa Waluhya, obuolo kwa Wajaluo. Aprili moja nilimtazama shangazi yangu akiuchimba. Alifuata mzizi mweupe kwa kijiti hadi mkono ukazama kufikia kiwiko. Chini kabisa palikuwa na sega la rangi ya hudhurungi, lenye matundu kama sifongo, limejaa vitone vyeupe mithili ya punje za mtama. "Hapa tusipaguse, mwanangu," akasema, akarudisha udongo. Sega hilo mchwa hulijenga kwa nyasi na miti mikavu waliyoitafuna. Kuvu ya uyoga huo humea humo na kuyalainisha majani na miti hiyo yawe chakula chao. Mchwa wakifa, uyoga nao basi.

Vijana huniuliza mbona tusilime trufu, uyoga wa chini ya ardhi unaouzwa Ulaya kwa bei ya kutisha. Trufu nyeusi hutaka udongo wenye chokaa nyingi, mizizi ya mwaloni au mhazeli, na majira ya baridi yanayojulikana. Udongo wetu una tindikali, na baridi hiyo hatuna. La kujifunza kwake ni jingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ufaransa ilikadiriwa kuvuna takriban tani 1,000 kwa mwaka. Leo ni makumi ya tani tu. Nimeitafakari sana tofauti hiyo. Vita vya 1914 hadi 1918 viliua wanaume wa vijijini, waliobaki wakahamia mijini, misitu ikasongamana, na ujuzi ukaenda na wenyewe. Tangu miaka ya 1970 hupandwa miche iliyotiwa kuvu maabarani, kisha mkulima husubiri miaka mitano hadi kumi, na bado mavuno ya zamani hayajarudi. Ikiwa wao wenye maabara wamekwama hivyo, sisi tutakirudishaje tulichokigonga kwa jembe asubuhi moja?

Wapo wanaosema uyoga wa mamama unaooteshwa kwenye mifuko unatosha. Unaleta pesa kwa wiki chache, na hauna hatari ya kuokota wenye sumu. Namwunga mkono anayeufuga. Ila si badala ya obwoba, ambao hakuna aliyefaulu kuulima kibiashara bila mchwa. Na mchwa mara nyingi huvamia mahindi pale tulipofagia na kuchoma kila jani kavu ambalo wangekula.

Kwa mfyatua matofali, viko vichuguu vilivyokufa. Bomoa kidogo kileleni jioni, urudi alfajiri. Ukikuta tundu limezibwa kwa udongo mbichi, mle mna wenyewe: kiache, na uwaachie mabua makavu pembeni.