Timu ya Mkoa Imemeza Timu ya Shule

Muulize mtu yeyote wa Ngamiani, hapa Tanga, mwenye umri wa kutosha nani alitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Hujamaliza swali atakuwa ameshataja Coastal Union, na usipomkatisha atakupangia kikosi kizima kuanzia golini. Sasa mgeuzie. Mwaka huohuo, timu bora ya sekondari hapa mjini ilikuwa ipi? Hapo baraza litagawanyika. Mmoja ataapa ni Usagara kwa sababu yeye alisoma Usagara. Wa Galanos atamwita muongo mchana kweupe. Kahawa itapoa vikombeni, kashata zitaliwa, na hakuna atakayetoa hata kipande cha karatasi cha kumaliza ubishi.

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira kidogo. Wanafunzi wa Tanga wamecheza mpira miaka na miaka, tena mpira wa kuvuta watu uwanjani. Ila ukitaka kujua timu ya shule fulani ilianza lini, nani aliinoa, nani alikuwa nahodha na ilimfunga nani, huna pa kushika. Kosa watu hulitupia walimu wavivu au makabati yaliyoliwa na mchwa. Mimi naona tatizo liko kwenye namna tunavyoendesha mashindano yenyewe. UMISSETA, michezo ya kitaifa ya shule za sekondari, inaifuta shule ikiwa bado njiani.

Angalia inavyokwenda. Kikosi cha shule kinacheza na majirani, kinapanda ngazi ya kata au kanda, halafu kinavunjwa. Walimu wa michezo wanakaa chini ya mwembe na karatasi zao wanachagua beki wa shule hii, winga wa shule ile, kipa wa shule nyingine kabisa. Hiyo inakuwa timu ya wilaya. Mkoa wetu una halmashauri 11, kuanzia Jiji hadi Kilindi na Bumbuli, kwa hiyo mkoani wanachujwa tena, na wanaobaki wanaingia kambini. Wakitoka kambini wana jezi imeandikwa TANGA kifuani. Fainali za taifa zichezwe Butimba kule Mwanza, zichezwe Mtwara au Tabora, mtangazaji anataja mkoa tu. Kombe likipatikana linaletwa kwa viongozi wa mkoa, linapigwa picha, hotuba zinatolewa. Shule aliyotoka kijana inabaki kwenye fomu ya usajili, na fomu zenyewe baada ya miaka michache utazikuta sokoni zimefungiwa karanga.

Ndiyo maana hata wasifu wa wachezaji wetu huanzia klabu. Tunajua Juma Mgunda aliichezea Coastal kabla ya kuifundisha na baadaye kupewa Simba mwaka 2022. Tunajua Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga mwaka 2020. Tunajua Abdul Suleiman, Sopu, aliwapiga Yanga mabao 3 peke yake kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, na bado Coastal wakalikosa kombe kwa penalti (mimi bado sijapoa). Lakini mpira wa miaka ya sare za shule, ule wa kukimbia na viatu vya kuazima, katika simulizi zetu haupo. Ni kama kila mchezaji wa Tanga alizaliwa akiwa na miaka 19, amesimama katikati ya uwanja wa Mkwakwani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mji huu ni miongoni mwa iliyotangulia kwa mambo ya shule na maandishi. Tanga School ilifunguliwa na Wajerumani miaka ya 1890, ikawa shule ya kwanza ya serikali katika nchi hii. Walitaka makarani, wakalimani na walimu, nao vijana wa pwani na wa bara wakaletwa kukaa bweni na kusoma. Shule ikasifika kwa bendi yake ya matarumbeta. Zaidi ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na gazeti la Kiongozi, la Kiswahili, likatoka pale hadi vita vikuu vya kwanza vilipovuruga mambo. Yaani shule iliyochapa gazeti zaidi ya miaka 100 iliyopita iko kwenye mji ambao leo hauwezi kukuonyesha orodha ya wachezaji kumi na mmoja wa sekondari wa mwaka 1975.

Mpira wenyewe ulikuwa na njia yake ya kuja, na njia hiyo pia ilipita shuleni. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na chuo chao Kiungani, Unguja, na mpira ulichezwa pale tangu karne ya kumi na tisa. Wavulana kutoka Bonde, kwenye misheni ya Magila kule Muheza, walikuwa wakivushwa bahari kwenda kusoma Kiungani. Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 katika ukoo wenye asili ya Bonde, alipita hapohapo. Ndiye ambaye baadaye, akiwa karani mkubwa Tanga, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha Waafrika watumishi wa serikali mwaka 1922. Watu wa namna yake walirudi na ualimu, na kalamu, na desturi za bweni, mpira ukiwemo. Kwa hiyo mtu akiniambia soka la Tanga lilianzia kwenye klabu za mtaani namkatalia. Coastal yenyewe ni ya mwaka 1948. Madarasa yametangulia.

Kisha zikaja shule nyingine. Karimjee, ambayo jina lake lilitoka kwa familia ya matajiri wa Kihindi wenye mashamba ya mkonge, ndiyo tunayoiita Usagara leo. Galanos ina jina la Mgiriki, naye mtu wa mkonge. Enzi za mkoloni shule zilitenganishwa kwa rangi. Baada ya uhuru zikafunguliwa kwa wote, na sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka nyingi mikononi mwa serikali. Hapo ndipo mpira wa sekondari ulipopata utamu wake. Kijana wa Musoma alipangiwa Tanga, wa Lushoto akapangiwa Tabora, wa Kigoma akakutana na wa Pangani kwenye kitanda cha juu na cha chini. Timu ya shule moja ilikuwa na mitindo ya nchi nzima ndani yake.

Mzee wangu mmoja wa Makorora alicheza winga ya kushoto miaka hiyo. Nyumbani kwake kuna picha ya timu, ya rangi nyeusi na nyeupe, kingo zimejikunja kwa joto. Waliosimama nyuma wamefunga mikono kifuani, waliochuchumaa mbele wameshika magoti, na katikati yao kuna mpira wa ngozi wa kushona ulioandikwa mwaka kwa chaki. Mwalimu yuko pembeni, kaptura na soksi ndefu, kipenga shingoni. Chaki imefifia, mwaka unasomeka nusu. Nikamwomba anitajie majina.

"Huyu tulimwita Tipa," akasema, kidole juu ya beki mmoja mpana. "Ukigongana naye unaamkia zahanati. Huyu wa pembeni yake alikuwa Mkurya, fundi wa kichwa. Huyu kipa alifariki, Mungu amrehemu."

"Majina yao ya daftari la mahudhurio, mzee?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mgosi, hapo umeniweza."

Nikaigeuza picha. Nyuma hakuna kitu, ila muhuri wa studio usiosomeka na doa la chai. Huyo ni mtu aliyecheza nao, akalala nao bweni moja, akala nao ugali wa sufuria moja. Akiondoka yeye, picha ile itakuwa ya vijana waliovaa jezi, basi.

Najua wapo watakaosema mpira wa shule uliuawa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya shule yaliposimamishwa kwa madai kwamba yanawatoa watoto kwenye masomo. Ule uamuzi ulikuwa mbaya, sitautetea hata kwa dawa. Lakini mashindano yalirudishwa, na majina hayakurudi. Wengine watasema ni shule za kata, nao wana hoja. Bweni lilikuwa na saa yake ya mpira. Kengele ya saa kumi ikilia huna pa kwenda, utacheza tu au utashangilia, na mabweni yenyewe yalikuwa na ligi kali kuliko ya mkoa. Mwanafunzi wa kutwa saa tisa alasiri anawaza daladala, anawaza kuchota maji, anawaza biashara ya mama. Uwanja nao mara nyingi haupo, au upo ukiwa na njia ya baiskeli inayopita katikati ya eneo la penalti. Kipaji chake ataonyesha kwenye ndondo mtaani kwao, na atakayemwona ni kocha wa mtaa, si mwalimu.

Hayo yote kweli. Ila majirani zetu nao wana shule za kutwa na viwanja vibovu, na bado shule zao zina majina. Vuka Horohoro uingie Kenya, umtajie mpenda mpira yeyote Green Commandos. Atakwambia ni Kakamega, shule, na ataanza kukuhesabia wachezaji waliotoka pale. Uganda wana St. Mary's Kitende, iliyofungamana na klabu ya Vipers na kulisha timu ya taifa. Kwao shule inacheza ikiwa shule mpaka fainali. Ikishinda, kombe linakaa shuleni, na mtoto wa kidato cha kwanza analipita kila asubuhi akienda darasani. Hapa kwetu, shule iliyowahi kujulikana nchi nzima kwa mpira ni Makongo ya Dar es Salaam, enzi za Kanali Idd Kipingu. Utaona ilijulikana kwa sababu ilijijengea jina lake yenyewe, nje ya jezi ya mkoa.

Hoja pekee inayonipa shida ni ya mtoto mwenye kipaji aliyeko shule dhaifu. Yuko kijijini Mkinga, timu yao inafungwa 6 kila mechi, yeye peke yake anacheza. Timu ya mkoa ndiyo inayomwokoa huyo. Sina jibu zuri, na sitaki kumnyang'anya nafasi yake. Timu ya mkoa ibaki, mwezi wa sita, kama ilivyo. Ninachotaka ni shule zipate ligi yao pembeni, hata kama ni ya hapa Jiji tu, nyumbani na ugenini, kwa jina la shule, kuanzia mwezi wa pili. Usagara na Galanos wakutane Mkwakwani mara moja kwa mwaka na kiingilio kidogo cha kununulia mipira. Wauza machungwa ya Muheza peke yao watanishukuru.

Nimeshaambiwa kwamba ligi ya namna hiyo itajaa mamluki. Haya, tuzungumze mamluki. Ni ugonjwa wa siku nyingi wa UMISSETA: kijana ana ndevu, ana mtoto wa darasa la pili, ametumbukizwa kwenye kaptura ya shule na kupewa jina la mwanafunzi aliyehamia Handeni. Lakini wapi ni rahisi zaidi kumficha? Ukimpeleka Tabora kwenye jezi ya mkoa, nani wa Tabora atamjua? Mlete acheze dhidi ya shule ya jirani, mbele ya wanafunzi wanaopanda naye pikipiki kila siku, uone kama dakika kumi zitapita kabla jukwaa halijapiga kelele kwamba huyo si ndiye dereva wa bodaboda wa pale Mabanda ya Papa? Wapinzani wa mtaa mmoja ni wakaguzi wakali kuliko kamati yoyote ya vyeti vya kuzaliwa.

Ligi itahitaji vikao, barua na mtu wa kugharamia, na najua mambo hayo yanavyokwenda. Daftari halihitaji kikao. Katika shule nyingi ukiingia ofisi ya mkuu utakuta ubao wa mbao uliopakwa vanishi wenye majina ya wakuu wote waliopita na miaka yao, na pembeni matokeo ya kidato cha nne yamebandikwa yakiwa na Division One zimepigiwa mstari. Mwalimu wa michezo naye apewe kaunta buku moja. Kila mechi aandike tarehe, mpinzani, matokeo, waliocheza kwa majina yao matatu, nani alifunga. Akihamishwa, amkabidhi mwenzake kama anavyokabidhi mipira na nyavu. Mwaka unaisha kwa kurasa chache tu.

Na kwa wenzangu mliosoma sekondari za mkoa huu, iwe Usagara, Galanos, Old Tanga, Popatlal au Magamba kule Lushoto, mwenye picha ya timu aitoe kwenye albamu wikiendi hii. Chukua penseli, kalamu ya wino itapenya upande wa pili. Andika mwaka, andika shule, andika majina kuanzia kushoto. Usiyemkumbuka mpigie simu mliyekaa naye dawati moja, maana yeye huenda anamkumbuka. Mimi ya mzee wa Makorora nimeshaipiga picha, na namtafuta mtu anayemjua Tipa.