Tulijuaje kwamba Shakahola ni uovu?

Mweka hazina wa chama chetu hasali popote. Tukifungua mkutano kwa maombi, yeye hukaa kimya, mikono mapajani, akisubiri tumalize. Amezishika pesa zetu miaka sita na hesabu haijawahi kupungua shilingi. Juzi, siku ya kuchagua viongozi, mama mmoja alisimama akauliza kwa upole: "Mtu asiyemwogopa Mungu, nini kitamzuia kutukimbia na pesa hizi?" Wengi wakaitikia. Mimi ni Mkristo na swali lile liliniuma, ila sikufungua mdomo. Najibu leo.

Kwetu ni Kilifi. Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa, maiti zilihesabiwa mpaka zikapita 400, nyingi zikiwa za watoto. Waumini walikuwa wameambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hawa hawakupungukiwa hofu ya Mungu. Walikuwa nayo ya kutosha hata mzazi akamnyima chakula mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Sisi tuliokuwa nje tulijua papo hapo kwamba ule ni uovu. Hakuna aliyesema ngoja kwanza nitafute mstari. Wachungaji wakasema Mungu wa kweli hawezi kuamuru jambo kama lile, nami nakubaliana nao kabisa. Lakini hebu tulitazame hilo neno "hawezi". Anayelitamka tayari anajua jema ni lipi, na kwa ujuzi huo anaipima sauti inayodai imetoka mbinguni. Kama jema ni lile tu lililoamriwa, kipimo hicho amekitoa wapi?

Swali lenyewe ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimwonyesha mwalimu wake Socrates akiuliza: tendo ni jema kwa kuwa miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa kuwa ni jema? Karne nyingi baadaye, huko Basra na Baghdad, wanachuoni wa Kiislamu wa kundi la Muutazila walishikilia kwamba akili ya binadamu yaweza kujua kuwa dhuluma ni mbaya hata kabla ya kufikiwa na sharia. Waash'ari, kundi jingine la wanachuoni wa Kiislamu, wakapinga, kwamba jema ni alilolifanya Mungu kuwa jema kwa amri yake. Katika hili mimi niko na Muutazila. Na Paulo, anapowaandikia Warumi, anasema wapo wasiopewa sheria, ila matendo ya sheria hiyo yameandikwa mioyoni mwao.

Nitaulizwa, moyo huo kauumba nani? Naamini ni Mungu. Basi kauumba pia ule ulio kifuani mwa mweka hazina wetu, asali asisali.

Mahali ninapokwama bila Mungu ni kwa wale watoto. Mahakama itahukumu, itafunga, lakini haitamrudishia hata mmoja wao siku moja ya kucheza. Namhitaji Mungu awepo kwa ajili yao, na usiku mwingine namwomba kwa hasira. Ila sikumhitaji anifundishe kwamba mtoto hanyimwi uji.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mweka hazina wetu alishindwa kwa kura tatu. Alileta daftari na funguo za sanduku, akazihesabu pesa mara mbili mbele ya yule mama, akamwomba aweke sahihi, kisha akarudi kukaa nyuma.